Pawasaplai Kuukuu Inayounguza Fyuzi: Namna ya Kuitafuta Shoti

Fyuzi ni waya mwembamba uliofungiwa ndani ya bomba dogo la kioo au kauri, na kazi yake ni kuyeyuka kabla kitu cha thamani kubwa zaidi hakijaungua. Joto linalojengeka ndani ya waya huo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne, mkondo ukiwa mara kumi, joto huwa mara mia. Ndiyo maana fyuzi huvumilia mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, ilhali shoti kamili huikata papo hapo. Pawasaplai inayounguza fyuzi moja baada ya nyingine haina ugonjwa wa fyuzi. Mahali fulani ndani yake umeme umepata njia usiyostahili kupita, na kila fyuzi inayokatika huleta habari za njia hiyo: ukubwa wa kosa, wakati linapotokea, na mara nyingi hata mahali lilipojificha. Fundi anayetupa fyuzi iliyoungua bila kuitazama ametupa ushahidi wake wa kwanza.

Zipo pawasaplai za aina nyingi, lakini inayofaa zaidi kujifunzia ni ile nzito ya transfoma, ya kutoa volti 13.8 na ampea 20 hivi, iliyotengenezwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 ili kulisha redio za mawasiliano zilizoundwa kutumia betri ya gari. Volti 13.8 zilichaguliwa kwa sababu ndizo betri ya gari inazokuwa nazo injini inapounguruma. Kabla ya simu za mkononi kuenea Afrika Mashariki, redio za namna hiyo ndizo zilizounganisha hospitali za vijijini, vituo vya polisi na kambi za hifadhi, na pawasaplai zake bado zimo katika karakana na stoo. Uzuri wake ni kwamba sehemu zake zinaonekana kwa macho, zinapimika kwa mita ya kawaida, na zinatengenezeka.

Njia ya umeme ndani yake ni hii. Umeme wa ukutani hupita kwenye plagi, swichi na fyuzi, kisha huingia kwenye koili ya kwanza ya transfoma. Koili ya pili hutoa volti 18 hivi za mkondo geu. Daraja la dayodi nne huugeuza mkondo huo kuwa mnyoofu, na kapasita kubwa, yenye uwezo wa maikrofaradi 20,000 hadi 40,000, huusawazisha hadi kufikia volti 24 hivi. Kutoka hapo umeme hupita kwenye transista kubwa zilizofungwa sambamba, mara nyingi nne za namba 2N3055, zinazoongozwa na saketi unganishi ndogo kama ile ya 723 iliyotolewa na kampuni ya Fairchild mwaka 1967. Transista hupunguza volti 24 hadi 13.8 na kugeuza tofauti kuwa joto. Mwisho kabisa, kwenye ncha za kutolea, kuna thairista ya ulinzi. Shoti inaweza kutokea katika hatua yoyote kati ya hizi, na utafutaji wake ni kazi ya kukata njia vipande vipande hadi kipande kimoja tu kibaki chini ya shaka.

Kabla ya kushuku kitu kingine chochote, fyuzi yenyewe ikaguliwe kama ndiyo inayotakiwa. Kwenye kifuniko chake cha chuma huandikwa alama kama T4AL250V. Herufi T inamaanisha fyuzi ya kukawia na F ni ya haraka. 4A ni ampea nne. L inaonyesha uwezo mdogo wa kukata shoti na H uwezo mkubwa. 250V ni volti inazoweza kuzizuia baada ya kukatika. Kila alama ina uzito wake. Transfoma kubwa, hasa ya umbo la mviringo, huvuta mkondo mkubwa mno kwa sehemu ndogo ya sekunde inapowashwa, mara kumi ya mkondo wake wa kawaida au zaidi, na ukubwa huo hutegemea wimbi la umeme lilikuwa wapi swichi ilipofungwa. Fyuzi ya T huuvumilia mkondo huo. Fyuzi ya F yenye ampea zilezile huweza kupona leo na kukatika kesho. Pawasaplai nyingi zilizofikishwa kwa fundi zikisemwa kuwa zinaunguza fyuzi mara mojamoja asubuhi hazina ubovu wowote isipokuwa duka lilimuuzia mwenyewe fyuzi ya F badala ya T.

Hata ampea zilizoandikwa hazina maana moja duniani kote. Kwa kanuni za kimataifa, IEC 60127, fyuzi hutakiwa kubeba mara moja na nusu ya ampea zake kwa saa nzima bila kukatika. Kwa kanuni za UL za Marekani, fyuzi iliyozidishiwa mkondo kwa asilimia 35 hutakiwa iwe imekatika ndani ya saa moja. Kwa hiyo fyuzi mbili zilizoandikwa 4A, moja ya milimita 5 kwa 20 na nyingine ya Kimarekani ya milimita 6.3 kwa 32, si fyuzi moja. Fyuzi za gari zenye kikomo cha volti 32 zisiwekwe kamwe kwenye umeme wa ukutani. Waya wake ukiyeyuka, cheche inaweza kuendelea kuruka kati ya ncha mbili na umeme ukaendelea kupita.

Kishikio cha fyuzi nacho kina lawama zake. Chuma chake kikishika kutu au kikilegea, mgusano hafifu huzalisha joto, joto huhamia kwenye fyuzi, na fyuzi hukatika ingawa mkondo ni wa halali. Ishara yake ni risasi iliyoyeyuka kwenye kifuniko cha fyuzi huku waya wa katikati ukiwa mzima au umechomoka upande mmoja tu. Dawa ni kubadilisha kishikio, wala si kukisugua kwa msasa na kukirudisha.

Kioo cha fyuzi iliyoungua husomeka. Waya uliokatika katikati kwa pengo dogo, kioo kikiwa safi, huonyesha mzigo uliozidi kiasi kwa muda: transfoma inayolemewa, kapasita inayovuja, au kifaa kinachovuta kupita uwezo. Kioo kilichopakwa weusi au rangi ya fedha inayong'aa huonyesha kwamba waya uligeuka mvuke mara moja. Hiyo ni shoti ngumu, na hakuna haja ya kuijaribu tena kwa fyuzi nyingine. Tabia ya kuweka fyuzi ya pili "ili kuona", kisha ya tatu, kisha ya ampea zaidi, ndiyo inayoua pawasaplai zilizokuwa zinaponyeka. Dayodi moja ya bei ndogo ikiwa imekufa na fyuzi ya ampea 4 ikabadilishwa kwa ya ampea 13, koili ya transfoma ndiyo inayokuwa fyuzi, na koili haibadilishwi kwa bei ya dayodi. Wako pia wanaofunga waya wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya fyuzi iliyokatika. Huo ni uzembe unaochoma nyumba, na fundi anayeheshimu kazi yake akatae kuufanya hata mteja akiomba.

Ushahidi mwingine ni wakati. Fyuzi inayokatika mara tu swichi inapowashwa huelekeza kwenye shoti katika transfoma, daraja, kapasita au transista. Inayokatika baada ya robo saa, kifaa kikiwa kimepata moto, huelekeza kwenye kitu kinachobadilika kwa joto: koili ambayo vanishi yake imezeeka, kapasita inayovuja, au kizuizi cha transista kilichopasuka. Inayokatika redio inapoanza kurusha sauti tu, ilhali wakati wa kusikiliza haina tatizo, huelekeza kwenye mzigo au kwenye dayodi inayoshindwa mkondo ukiwa mkubwa. Mwenye kifaa aulizwe mambo haya kabla mfuniko haujafunguliwa. Aulizwe pia kama kuna radi iliyopiga, kama umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, na kama kuna mtu aliyeunganisha betri kinyume. Swali hilo la mwisho linafaa kuulizwa kwa upole, maana wengi huona haya kulijibu.

Sasa usalama. Plagi ichomolewe kwenye soketi, isizimwe kwa swichi tu. Swichi ya kifaa huenda inakata nyutro badala ya laivu, hasa pale soketi ya nyumba ilipofungwa kinyume, na hapo waya za ndani hubaki na umeme ingawa taa imezimika. Kisha kapasita kubwa imwagwe chaji. Kapasita ya maikrofaradi 40,000 iliyojaa volti 25 ina jouli 12.5 za nishati. Haiui mtu, lakini hurusha risasi iliyoyeyuka machoni na kuyeyusha ncha ya bisibisi. Rezista ya omu 100 yenye wati 5 au zaidi huimaliza chaji hiyo ndani ya sekunde 20 hivi. Balbu ya lori ya volti 24 hufanya kazi ileile na huonyesha kwa macho kwamba chaji inakwisha. Mita ithibitishe kabla ya mkono kuingia.

Chombo kikubwa cha uchunguzi huu ni balbu iliyofungwa mfululizo na kifaa. Inatakiwa balbu ya zamani ya waya unaowaka, ile ya wati 60 au 100 inayounguza mkono. Balbu za LED na zile za kuokoa umeme hazifai kabisa, kwa kuwa mwanga wake haufuati mkondo kwa njia rahisi. Balbu hufungwa kwenye waya wa laivu, kabla ya pawasaplai. Balbu ya wati 100 kwenye volti 230, ikiwaka kikamilifu, ina ukinzani wa omu 529. Ikiwa baridi, ukinzani wake hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi na mbili au chini zaidi. Tabia hiyo ndiyo siri yake. Kifaa kizima huvuta kidogo, balbu hubaki baridi na kukiachia karibu volti zote. Kifaa chenye shoti huvuta kwa nguvu, balbu hupata moto, ukinzani wake hupanda, na mkondo hauwezi kupita nusu ya ampea. Shoti hubaki palepale ikichunguzika kwa utulivu, bila fyuzi hata moja kupotea.

Pawasaplai nzima isiyo na mzigo ikiwashwa kupitia balbu, balbu humulika kwa muda mfupi kapasita inapojaa, kisha hufifia hadi kubaki wekundu hafifu au giza kabisa. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Ikumbukwe tu kwamba balbu hupunguza mkondo lakini haimtengi mtu na umeme wa ukutani: laivu bado ni laivu, na vidole vikae mbali.

Hatua inayofuata ni kukata njia, na mahali pazuri pa kuanzia ni katikati. Waya mbili zinazotoka koili ya pili kwenda kwenye daraja zitolewe, zifunikwe ncha zake, na kifaa kiwashwe tena kupitia balbu. Jaribio hili moja linagawa kifaa mara mbili. Balbu ikizimika, transfoma na kila kilicho kabla yake vimesafika. Kosa liko kwenye daraja au baada yake. Balbu ikiendelea kuwaka, kila kilicho baada ya transfoma kimesafika, na hakuna sababu ya kugusa transista hata moja.

Kosa likiwa upande wa kuingilia, yapo mambo manne ya kutazama. La kwanza ni vilinzi vya radi, vile visahani vya oksidi ya zinki vilivyofungwa kati ya laivu na nyutro. Kila mshtuko wa umeme huvichosha, na mwisho wake hugeuka kuwa shoti. Katika maeneo ambayo umeme hukatika na kurudi mara kwa mara, hivi ni washukiwa wa mwanzo. Kisahani kilichopasuka au kuungua kitolewe na kingine cha volti zilezile kiwekwe. Kifaa cha soko la Marekani huwa na kisahani cha kuvumilia volti 130 tu. Kikiunganishwa na volti 230, hufa siku hiyohiyo na fyuzi nayo.

La pili ni kapasita ndogo za kuzuia kelele za redio, zinazofungwa mahali hapohapo. Zile za karatasi zilizozibwa ndani ya plastiki hupasuka nyufa ndogo kwa uzee, hunyonya unyevu, na siku moja hutoa shoti na moshi wenye harufu mbaya. Hali ya pwani, yenye chumvi na mvuke, huharakisha jambo hilo. La tatu ni waya ulioguswa na bodi ya chuma, pale mpira wa kuulinda kwenye tundu la kuingilia umekauka na kukatika. Fyuzi ikikatika kwa sababu hiyo, maana yake waya wa ardhi unafanya kazi yake. Katika nyumba isiyo na waya wa ardhi, kosa hilohilo halikati fyuzi. Bodi nzima ya kifaa huwa laivu na kumngoja mtu aiguse. Kipimo cha kuhami cha volti 500 kati ya koili ya kwanza na bodi kisome zaidi ya megaomu moja.

La nne ni transfoma yenyewe, na hapa mita ya kawaida hudanganya. Koili ya kwanza ya transfoma ya ukubwa huu ina omu chache tu. Mizunguko miwili mitatu ya waya ikigusana kwa vanishi kuungua, omu hizo hazibadiliki kwa kiasi kinachoonekana, lakini mizunguko hiyo hugeuka kuwa koili ndogo iliyofungwa shoti, ikivuta mkondo mkubwa na kuchoma majirani zake. Balbu ndiyo inayosema kweli: transfoma ambayo koili ya pili iko wazi kabisa, haijaunganishwa popote, na bado balbu inawaka, imekwisha. Harufu ya vanishi iliyoungua na karatasi iliyogeuka kahawia huthibitisha. Inaweza kusukwa upya na fundi wa koili mwenye subira, na kwa kifaa kizuri inafaa kufanya hivyo.

Hata hivyo, kabla ya kuihukumu transfoma, swali moja liulizwe: je, iliundwa kwa umeme huu? Tanzania hutumia volti 230 na Kenya volti 240, zote kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani hutumia volti 120 na mizunguko 60; Japani volti 100. Swichi ndogo ya kuchagua volti iliyo nyuma ya kifaa ikiwa imeachwa kwenye 115, koili hupata volti mara mbili ya zake na fyuzi hukatika kwa kishindo. Kosa hilo ni rahisi kuliona. Lililo gumu zaidi ni la mizunguko. Nguvu ya sumaku katika chuma cha transfoma hutegemea volti zikigawanywa kwa mizunguko. Transfoma iliyoandikwa volti 220 na mizunguko 60 pekee, ikiwekwa kwenye volti 240 na mizunguko 50, hubeba sumaku asilimia 31 zaidi ya iliyokusudiwa. Chuma hushiba, na chuma kilichoshiba hakizuii tena mkondo. Transfoma hunguruma, hupata moto bila kufanya kazi yoyote, na hukata fyuzi ingawa hakuna kipande kilichoharibika. Fundi anaweza kubadilisha kila kitu ndani ya kifaa hicho na asipate nafuu. Kibao cha nyuma kisomwe. Kikisema 50/60, hofu hiyo iondoke.

Kosa likiwa upande wa kutokea, daraja la dayodi ndilo la kwanza. Dayodi moja ikifa kwa shoti, nusu moja ya kila wimbi la umeme huirudisha koili ya pili juu yake yenyewe kupitia dayodi nyingine, na fyuzi ya kuingilia hukatika. Upimaji ufanywe waya za transfoma zikiwa zimetolewa. Jambo hili linasisitizwa kwa sababu koili ya pili ina ukinzani mdogo sana, na anayepima daraja bila kuitoa atasoma karibu sifuri kati ya ncha mbili za mkondo geu, kisha atatupa daraja zima. Kila dayodi isome volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na isisome kitu upande wa pili. Sifuri pande zote mbili ni shoti. Daraja la badala liwe na ziada ya kutosha: kwa kifaa cha ampea 20, lile la ampea 35 linalofungwa kwenye chuma kwa skrubu, likipakwa ute wa kupitisha joto, huishi miaka mingi.

Kapasita kubwa hulaumiwa kuliko inavyostahili. Kwa kawaida huzeeka kwa kupoteza uwezo, na dalili yake ni mngurumo katika sauti ya redio, fyuzi ikiwa nzima. Lakini kifaa kilichokaa stoo miaka mingi ni jambo jingine: utando wa oksidi ndani ya kapasita hupungua, na siku ya kuwashwa kapasita huvuja mkondo mwingi, hupata moto, na huweza kupasuka. Kifaa kama hicho kiwashwe kupitia balbu na kiachwe hivyo saa moja au mbili ili utando ujijenge upya taratibu. Kapasita iliyovimba kichwa au kuchuruzika maji ibadilishwe bila kujadiliwa.

Transista ndizo zinazokufa zaidi katika pawasaplai za aina hii, na zikifa huacha mtego. Katika 2N3055, gamba la chuma ndilo kolekta, na kolekta zimeungwa kwenye volti 24. Kati ya gamba na bamba la kupozea kuna kijikaratasi cha ulanga kinachopitisha joto na kuzuia umeme. Ute wake ukikauka na kijikaratasi kikachanika, volti 24 hugusa bodi ya chuma, na katika vifaa ambavyo ncha hasi imefungwa kwenye bodi hiyo ni shoti kamili. Mita kati ya gamba la kila transista na bamba isisome kitu. Kijikaratasi kinapotolewa, kipya kiwekwe na ute mpya. Cha zamani hakirudi.

Transista yenyewe ikifa, mara nyingi huungana kolekta na emita. Zikiwa nne sambamba, mita huonyesha shoti kwa zote ingawa moja tu ndiyo imekufa. Emita ya kila moja ibanduliwe kwenye rezista yake ndogo, ile ya sehemu ya omu, ndipo mbovu ijulikane. Hizo rezista nazo zipimwe, maana iliyokatika huwaachia wenzake mzigo wake wote. Ununuzi wa 2N3055 unataka macho, kwa kuwa bidhaa bandia ni nyingi: gamba na maandishi vinafanana na vya halali, lakini kipande cha silikoni ndani ni kidogo na hufa mzigo unapoanza. Uzito mdogo na herufi zinazofutika kwa spiriti ni dalili za kutosha kuirudisha dukani.

Mtego ulio katika transista iliyokufa unahusu thairista ya ulinzi, na hapa wengi hupotea. Transista ikiungana kolekta na emita, volti 24 zote hutoka nje. Redio ya volti 13.8 ingeungua. Ili hilo lisitokee, saketi ndogo huzipima volti za kutolea, na zikivuka kikomo, ambacho huwekwa karibu na volti 15, huiamuru thairista ifunge shoti ya makusudi kati ya chanya na hasi. Fyuzi hukatika na redio hupona. Fundi anayepima anakuta shoti, anaifuata hadi kwenye thairista, anaitoa, fyuzi haikatiki tena, naye anamrudishia mteja kifaa. Siku hiyohiyo redio inakufa kwa volti 24.

Namna sahihi ni hii. Kitu chochote kilichounganishwa kwenye ncha za kutolea kiondolewe kwanza. Thairista itolewe kwa muda, kifaa kiwashwe kupitia balbu, na volti za kutolea zipimwe. Zikisoma 13.8 na kutulia, thairista au saketi inayoiamuru ndiyo mbovu. Zikisoma 20 au zaidi, thairista ilikuwa ikitenda wajibu wake, na ubovu uko kwenye transista, kwenye saketi ya 723, au kwenye potenshomita ya kurekebishia volti, ambayo mgusano wake ukikatika kwa vumbi huweza kupandisha volti hadi kileleni. Katika hali zote mbili thairista nzima irudi mahali pake kabla kifaa hakijafungwa. Penye thairista hutazamwa pia dayodi iliyofungwa kinyume kwenye ncha za kutolea. Betri ikiunganishwa kichwa chini, dayodi hiyo hujitoa mhanga na kubaki shoti.

Pawasaplai nyepesi zisizo na transfoma kubwa, kama za kompyuta, hufuata mantiki ileile lakini si kwa mkono uleule. Ndani yake umeme wa ukutani hugeuzwa moja kwa moja kuwa volti 325 za mkondo mnyoofu, na kapasita zake zikibaki na chaji huua. Fyuzi iliyopakwa weusi humaanisha karibu kila mara kwamba daraja au transista ya kukatakata umeme imekufa. Mwanafunzi asianzie huko.

Baada ya kipande kibovu kubadilishwa, kazi haijaisha. Kifaa kiwashwe kupitia balbu, volti zisome 13.8, kisha balbu iondolewe na fyuzi ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji iwekwe. Mzigo wa majaribio usiwe redio ya mteja. Balbu za taa kubwa za gari, kila moja ya wati 55, huvuta ampea tano hivi kwa volti 13.8, nne sambamba hufikisha ampea 20. Ziwashwe moja baada ya nyingine, kwa kuwa balbu baridi huvuta mara nyingi zaidi ya kawaida yake. Kiasi cha ampea 20 kisidumishwe zaidi ya muda unaoruhusiwa na kibao cha kifaa, kwani nyingi ziliundwa kubeba kilele hicho kwa dakika chache tu. Kwa nusu ya mzigo kifaa kiachwe saa mbili, mfuniko ukiwa umefungwa ili joto liwe la kweli. Katika muda huo magamba ya transista yapate joto linalolingana. Moja ikiwa baridi, haifanyi kazi. Moja ikiwa na moto kuliko zote, inabeba sehemu isiyo yake.

Aina na ampea za fyuzi ziandikwe kwa wino usiofutika kando ya kishikio, na fyuzi moja ya akiba ya aina hiyohiyo igundishwe ndani ya mfuniko. Pawasaplai iliyomaliza saa hizo mbili kwa fyuzi yake halali inaweza kurudishwa kwa mwenyewe. Ambayo haikuzimaliza ibaki mezani, hata kama mwenyewe ameshafika mlangoni.